Matandiko ya Safari ya Namugongo: Tulale Bila Kutetemeka

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vinavyojitayarisha kwenda hija kwa miguu. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa.)

Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni matandiko. Najua wengine mmecheka mliposikia. Mmekuja na maswali juu ya viatu, juu ya chakula, juu ya kuvuka mpaka pale Malaba, halafu mtu anasimama hapa kuzungumza juu ya blanketi! Lakini ngojeni kidogo. Miguu ikiuma mchana, mtu hukaa kando ya barabara akapumzika. Usiku ukikosa kulala kwa sababu ya baridi, hakuna mahali pa kuulipa usiku huo. Kesho yake unatembea kilomita 30 ukiwa umechoka kabla ya kuanza, na usiku wa pili ni vilevile. Hao ndio wanaorudishwa nyumbani kwa gari kabla ya kufika Uganda.

Kwanza tuangalie njia yenyewe. Sikukuu ni tarehe 3 Juni, siku waliyouawa Karoli Lwanga na wenzake pale Namugongo mwaka wa 1886. Wakatoliki na Waanglikana wote huiadhimisha. Ili tufike siku hiyo, sisi wa upande huu wa Nairobi tunapaswa kuondoka mapema mwezi wa Mei, maana ni zaidi ya kilomita 600. Na Mei ni mwezi gani? Ni mvua! Hiyo ni moja. Ya pili ni milima. Limuru iko juu karibu mita 2,200. Tunashuka Naivasha na Nakuru, halafu tunapanda tena Mau Summit mpaka Timboroa, karibu mita 2,700. Kutoka hapo ni Burnt Forest na Eldoret, ambako bado ni juu, mita 2,100 hivi. Baada ya Turbo na Webuye ndipo nchi inashuka, na ukifika Kampala uko karibu mita 1,200 tu.

Sasa, wataalamu wa hali ya hewa wanasema kila ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama digrii 6. Fanyeni hesabu wenyewe. Usiku wa Timboroa una baridi kuliko usiku wa Kampala kwa kama digrii 9, hata kabla ya upepo na mvua kuongezwa. Kwa hivyo anayekuambia, "Mimi nilikwenda Namugongo na leso moja tu nikalala vizuri," muulize alianza kutembea wapi. Kama alianzia Busia, anasema kweli. Lakini hiyo si safari yako.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: blanketi halina joto. Ndiyo, nimesema halina! Joto ni lako wewe, linatoka mwilini mwako, kutokana na uji ulioula jioni. Kazi ya blanketi ni kuzuia joto hilo lisitoroke, na kinacholizuia hasa ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Ndiyo maana blanketi lililojaa hewa hushinda lile zito lililolala bapa kama ubao. Ndiyo maana pia shuka mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, mara nyingi hushinda moja nzito, kwa kuwa katikati yake pana hewa.

Basi fikirini. Ukilala juu ya blanketi, uzito wako unaigandamiza ile hewa mpaka inaisha. Upande wa chini unabaki kama hauna kitu. Na sakafu ya saruji ya darasa au ya ukumbi wa kanisa, ambapo ndipo tutakapolazwa mara nyingi, hunyonya joto usiku kucha. Mtu anajifunika mablanketi mawili juu na bado anatetemeka, anafikiri anahitaji la tatu. Hapana, ndugu yangu. Anahitaji kitu chini.

Hapa ndipo ninapotaka vikundi vyenu vitumie pesa kwanza, kabla ya kununua blanketi hata moja. Cha kuweka chini si lazima kiwe cha bei. Mkeka wa mafunjo ni mzuri sana kwa sababu yale mafunjo yana hewa ndani yake, lakini ni mrefu na unasumbua kubeba. Katoni ya kawaida ya dukani, ile ya sabuni au ya mafuta, ikifunguliwa ikalazwa, ni rafiki mkubwa wa msafiri. Haina uzito, na ikilowa unaiacha na kuomba nyingine katika duka linalofuata. Gunia la katani lililokunjwa mara mbili linafaa pia. Yale magunia ya nailoni ni membamba, hayazuii baridi, ila yanazuia unyevu. Na kipande cha sponji cha unene wa sentimita mbili, kutoka mabegani mpaka kwenye nyonga tu, kinatosha. Miguu inaweza kulala juu ya begi lako. Mtu asiniletee habari ya kubeba godoro zima.

Mkilala nje au kwenye hema, tandikeni karatasi ya nailoni chini kabisa, halafu katoni au gunia, halafu nyinyi. Lakini msijifunge nailoni mwili mzima kama mkate wa dukani. Mwili hutoa jasho na mvuke hata ukiwa umelala. Mvuke ukikosa pa kutokea unageuka maji, na asubuhi blanketi limelowa kana kwamba lilinyeshewa. Nailoni juu ni kwa wakati wa mvua tu, na iachwe nafasi upande wa uso.

Tukija kwenye blanketi lenyewe, mkienda sokoni msinunue kwa macho. Likamate ukalifinye ndani ya ngumi, kisha uliachilie. Likifumuka upesi, lina hewa. Likibaki na mikunjo limechoka. Liinue kuelekea jua, na ukiona mwanga unapita kama kwenye chandarua, basi hata upepo wa Burnt Forest utapita. Sufu ndiyo bora, maana hata ikiwa na unyevu bado inahifadhi joto kiasi, ila ni nzito na bei yake inauma. Pamba ni nzuri ikiwa kavu. Ikilowa inakuwa adui, inashika maji, haikauki mpaka kesho kutwa, na inakunyang'anya joto lako. Shuka nyingi za Kimaasai za siku hizi ni akriliki. Hizo ni nyepesi na zinakauka haraka, na mimi nazipenda kwa safari, mradi zisikaribie moto, maana akriliki huyeyuka na kushikana na ngozi.

Wengine mmeuliza juu ya yale mabegi ya kulalia yanayopatikana kwenye mitumba. Ni mazuri, kama ukipata lililo zima. Vuta zipu mara tatu, nne. Lipapase lote. Ukiona pamba yake imejikusanya mabonge na sehemu nyingine tupu, liache. Ukisikia manyoya ya bata ndani, jua kwamba hayo ni ya joto sana lakini yakilowa hayana faida tena, na sisi tunatembea Mei. Chukua lenye nyuzi za poliesta.

Asiye na pesa za begi atashona la kwake. Chukua blanketi la ukubwa wa kitanda, likunje kwa urefu, shona upande wa miguuni na nusu ya upande ulio wazi. Ndani weka leso iliyoshonwa vivyo hivyo, hiyo unaweza kufua njiani. Vikundi vyenye cherehani hapa, hii ni kazi ya jioni mbili, na nawaomba mwanze na ya wazee na ya wale wasio na mtu wa kuwashonea.

Uzito sasa. Watu wanaotembea safari ndefu huwa wanasema mzigo wote usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtu. Mama wa kilo 60 abebe kilo 6, pamoja na maji. Ukichukua blanketi la kilo 3, umekwisha kula nusu. Kama parokia itapata pikapu ya kubeba mizigo, vizuri, lakini pikapu huchelewa, hukwama kwenye matope, au dereva huenda kulala kituo kingine. Kila mtu abebe mwenyewe kitu cha kumtosha usiku mmoja.

Vilevile kuna nguo za usiku. Wekeni kando soksi kavu, sweta na kofia ya sufu, vifungwe ndani ya karatasi ya nailoni, visivaliwe mchana hata mvua ikinyesha namna gani. Ukifika kituoni umelowa, badilisha kabla hujaketi kuzungumza. Kula kitu cha moto. Nenda haja kabla ya kulala, kwa sababu kuamka saa nane usiku kwenda nje kunamaliza joto lote ulilokusanya. Chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa soksi, ikiwekwa miguuni, inafanya kazi ajabu. Na mlale karibu karibu, akina mama kwa akina mama, mgongo kwa mgongo, mkiunganisha mablanketi.

Mchana mkipumzika, anikeni matandiko juani hata dakika 20. Mkigawana mablanketi na kuna mwenye upele, semeni wazi. Huyo apewe lake na lifuliwe, bila kumwaibisha.

Jambo lingine nalisema kwa nguvu. Mtu asiingize jiko la makaa mahali tunapolala! Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi. Unasinzia, huamki. Familia nzima zimekufa hivyo, na katika nyumba, sembuse darasa lenye watu 40. Hata mkisema mtaacha dirisha wazi kidogo, mimi nasema hapana. Jiko linabaki nje.

Pombe nayo, najua haitakuwapo, lakini nitataja. Inakupa joto la uongo. Damu inakimbilia kwenye ngozi, unahisi moto, kumbe joto la ndani linatoka.

Viongozi wa vikundi, usiku wa Timboroa zungukeni na tochi. Anayetetemeka bado mwili wake unapigana. Wa kuogopa ni yule aliyeacha kutetemeka huku bado ni baridi, maneno yanamkwama mdomoni, anasema ovyo ovyo au anataka aachwe tu alale. Mvueni nguo zilizolowa, mumkaushe, mumweke kati ya watu wawili chini ya mablanketi yote mliyo nayo, kitu kikavu kikiwa chini yake. Kama anaweza kumeza, mpeni chai yenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, wala msimkalishe karibu na moto mkali. Na mtafute gari la kumpeleka hospitali usiku huo huo.

Sasa nimesikia maneno kwamba mwenye kwenda hija ateseke, kwamba mashahidi hawakubeba blanketi. Ninawaheshimu wanaosema hivyo. Lakini mzee wa miaka 70 akianguka Mau Summit, wanaobaki naye ni watu wanne, na hao wanne hawatafika Namugongo. Kutembea kwenyewe ni sadaka ya kutosha. Anayetaka kuongeza, abebe katoni ya jirani.

Kisha, tukishapita Webuye, baridi inapungua na mbu wanaanza. Bungoma, Malaba, Tororo, Iganga, Jinja, huko kote kuna malaria. Kwa hivyo neti yenye dawa ni sehemu ya matandiko, si anasa. Neti moja kubwa hutosha watu wawili, na kamba iwe ndefu ya kufunga kwenye dirisha. Watu wa pikapu wanaweza kurudisha mablanketi mazito kutoka Bungoma, mbaki na shuka nyepesi na neti.

Mweka hazina ameniambia kila kikundi kimechanga kiasi fulani na hakitoshi vyote. Shauri langu: mnunue sponji za chini na neti kwa pesa za kikundi, maana hizo watu hawana nyumbani. Blanketi kila mtu ana lake, hata kama ni kuukuu. Pale ambapo mtu hana kabisa, kikundi kijue kabla ya siku ya kuondoka.

Na tutafanya majaribio. Ijumaa ya kwanza ya Aprili tutalala hapa ukumbini, juu ya saruji, kila mtu na kile tu anachokusudia kubeba. Milango ya nyuma itaachwa wazi. Mwenye posho mill ametukubalia mizani yake kuanzia saa kumi jioni, kwa hivyo mje na mizigo ikiwa imefungwa tayari. Akina mama wa uji wamekwisha kupangwa.