Maneno Matano ya Linux Yanayowatatiza Wanaoanza

(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wanafunzi wa chuo cha kiufundi)



Nimealikwa kuzungumza kuhusu Linux. Mimi si fundi wa tarakilishi. Nilisomea uanahabari, na kazi yangu katika kaunti ni kuyachukua maneno ya maofisini na kuyafikisha kwa wananchi yakiwa yanaeleweka. Nitajaribu kufanya hivyo leo, kwa sababu neno moja ambalo sikulielewa liliwahi kuniumiza. Nitalifikia.

Kwa nini tuzungumzie jambo hili sasa? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Upo mpango wa kuongezewa muda, lakini nao una mwisho. Windows 11 inadai vifaa ambavyo tarakilishi nyingi za zamani hazina. Wengi wenu mna laptopu za mitumba ambazo bado zina nguvu. Kununua nyingine ni gharama, na kuendelea bila sasisho za usalama ni hatari. Ndipo vijana wanapojaribu Linux, kisha wanakata tamaa siku ya kwanza kwa sababu ya msamiati.

Neno la kwanza ni Linux yenyewe. Fikirieni matatu. Chesi na injini hutoka kiwandani, halafu fundi wa bodi anaweka viti, madirisha, rangi na muziki. Matatu mbili zenye injini sawa huweza kutofautiana kabisa machoni. Linux, kwa maana yake halisi, ni injini tu. Mafundi huiita keneli, yaani kiini. Kazi yake ni kuziunganisha programu na vifaa: kugawa kumbukumbu, kusoma diski, kupokea unachobonyeza kwenye kibodi. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi jijini Helsinki, Ufini. Kama una simu ya Android mfukoni, tayari unatumia kiini hicho.

Neno la pili ni distro. Hii ndiyo matatu nzima, tayari kubeba abiria. Watu huchukua kiini, wakaongeza programu nyingine, zikiwemo zile za mradi wa GNU ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, wakakupa mfumo kamili. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004, imejengwa juu ya Debian, na Linux Mint ikajengwa juu ya Ubuntu. Mwanzilishi wa Ubuntu, Mark Shuttleworth, ni mzaliwa wa Afrika Kusini, na jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Msipoteze wiki nzima mkitafuta distro iliyo bora kuliko zote. Anza na ile anayoitumia mtu aliye karibu nawe, ili ukikwama upate wa kukusaidia.

Neno la tatu ni eneokazi, yaani sura unayoiona ukiwasha mashine: menyu, vitufe, madirisha. Hii ndiyo bodi na viti. Zipo GNOME, Cinnamon, Xfce na nyingine. Anayeanza huona picha mbili za Ubuntu zisizofanana akadhani ni mifumo miwili. Ni mfumo uleule, bodi tofauti. Usipoipenda sura, unaweza kuweka nyingine bila kuanza upya. Kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo, Xfce ni nyepesi.

Neno la nne ni huria. Wengi hudhani maana yake ni bure. Mpishi anaweza kukupa pilau bure na bado akakuficha alivyoipika. Programu huria inakuja na maelezo ya mapishi, ambayo ni msimbo wake: unaweza kuusoma, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Leseni ya kiini cha Linux, iitwayo GPL, inasema ukigawa toleo ulilolibadilisha, sharti utoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Leseni hiyo haikatazi malipo. Fundi akikuwekea Linux, ana haki ya kukutoza kazi yake. Uhuru wa namna hii ndio uliowawezesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2004, kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili.

Neno la tano ni patisheni. Hili ndilo lililoniumiza.

Diski ya tarakilishi inaweza kugawanywa kama shamba: kipande hiki cha mahindi, kile cha maharagwe. Kila kipande ni patisheni. Siku niliyoweka Linux mara ya kwanza, mashine iliniuliza kama nataka iifute diski nzima au iweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani. Sikuelewa tofauti. Niliona aibu kumuuliza mwenzangu aliyekuwa meza ya pili. Nikabonyeza la kwanza. Ndani ya diski ile mlikuwa na mahojiano niliyomrekodi babu yangu akisimulia ujana wake, na sikuwa na nakala nyingine. Babu alikuwa ameshafariki. Sauti yake sijaisikia tena.

Kwa hivyo nawasihi. Kwanza, nakili faili zako kwenye diski nyingine na uzifungue huko kuhakikisha zimefika. Pili, ijaribu Linux ikiwa kwenye fleshi. Distro nyingi huruhusu kuitumia hivyo bila kugusa diski, nawe utajua kama Wi-Fi, sauti na printa zinafanya kazi. Tatu, ukifika kwenye swali la patisheni, ondoa mkono kwenye kibodi na usome kila mstari. Usipoelewa, zima mashine, uliza, urudi kesho. Na kama tarakilishi ni ya ofisi au ya chuo, usibadilishe chochote bila idhini ya wanaoisimamia.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilinyamaza dakika moja tu, na bado naijutia. Mkufunzi wenu yuko hapa, nami sijaondoka. Anayetaka kuuliza na ainue mkono.