Maji Yapewe Njia Kwanza: Maelezo Kuhusu Njia ya Baiskeli Iliyojengwa Upya
(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa hadhara wa wakazi wa kata)



Njia ya baiskeli iliyojengwa upya kando ya barabara ya kata ilikabidhiwa wakati wa kiangazi. Siku hiyo ilikuwa nyororo kama meza iliyopigwa randa, mistari yake myeupe iking'aa, na watoto wa shule walishindana juu yake mpaka giza likaingia. Masika ya kwanza yalipokwisha, vitofali vya zege vilikuwa vimezama mbele ya zahanati, ukingo ulikuwa umelala ubavu karibu na kituo cha daladala, na penye kona ya soko palikuwa na dimbwi ambalo siku tatu za jua kali hazikulikausha. Fundi viatu anayekaa kwenye kona hiyo amelipa jina la bwawa, na sasa wateja humwelekeza mtu dukani kwake kwa jina hilo.

Jina linachekesha, lakini lililotokea bwawani halichekeshi. Mwanafunzi mmoja alidhani anavuka maji ya kina cha kidole. Gurudumu la mbele likatumbukia penye vitofali vilivyokuwa vimezama chini ya maji hayo, akaanguka na kuvunjika mkono. Tangu siku hiyo wazazi wengi wamewarudisha watoto wao juu ya lami, katikati ya malori na bodaboda, yaani mahali palepale walipokuwa kabla njia haijajengwa. Njia iliyojengwa ili kuwaondoa hatarini imegeuka sababu ya kuwarudisha huko. Hilo ndilo lililouitisha mkutano huu, wala si uzuri wa vitofali.

Katika mazungumzo ya mitaani imesemwa sana kwamba njia imeharibiwa na watumiaji: baiskeli za mkaa zinazobeba magunia mawili, mikokoteni ya maji, bajaji zinazokwepa foleni. Inafaa hoja hiyo ipimwe kwa haki. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakazipitisha malori yaliyoendeshwa na askari kwa takriban miaka miwili ili waone barabara huchakaaje. Waligundua kwamba uharibifu haupandi sambamba na uzito. Uzito wa ekseli ukizidishwa mara mbili, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Sasa ekseli ya baiskeli iliyobeba mtu ichukuliwe kuwa na kilo 50, na ekseli ya lori lililojaa kilo 10,000. Lori ni zito mara 200 tu, lakini kwa kanuni hiyo uharibifu wake ni mara bilioni 1.6. Kanuni haikutungwa kwa ajili ya baiskeli, na hakuna haja ya kuishika tarakimu hiyo kama msahafu. Inatosha kuonyesha kwamba hata baiskeli ya mkaa haiwezi, kwa uzito wake peke yake, kuzamisha vitofali kwa msimu mmoja. Bajaji na malori yanayoegeshwa juu ya njia ni jambo jingine, na yanastahili kuzuiwa kwa vizuizi vya zege. Hata hivyo, mbele ya zahanati hakuna lori linaloweza kuingia, na ndipo njia ilipozama zaidi.

Kilichoizamisha ni maji.

Jambo hili si geni kwa wajenzi. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mskoti John Loudon McAdam, aliyesimamia barabara za eneo la Bristol nchini Uingereza, aliwafundisha watu wa zama zake kwamba mzigo wa barabara hubebwa na udongo wa asili ulio chini yake, na kwamba udongo huo hubeba vyema maadamu umekaa mkavu. Kazi ya mawe yaliyo juu ni kuwa paa. Paa likivuja, au maji yakiingia kwa ubavuni, udongo hulainika kama uji na kila kilicho juu yake hufuata. Miaka mia mbili imepita, mitambo imebadilika, na kanuni hiyo haijabadilika.

Wakazi waliopita kona ya soko siku lilipochimbwa bomba la maji waliona kwa macho yao tumbo la njia likiwa wazi. Njia ya vitofali ikijengwa ipasavyo, udongo laini huondolewa kwanza, hasa udongo mweusi wa mbuga unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kisha huwekwa kifusi bora na kushindiliwa kwa mashine, tabaka baada ya tabaka, kila moja la kama sentimita 15, maana mashine ndogo haifikishi nguvu yake chini ya hapo. Juu ya kifusi hutandazwa mchanga wa kulazia, sentimita 3 hivi, na vitofali hupangwa juu ya mchanga huo. Pembeni ukingo hukaa ndani ya zege na kuvibana vitofali visitawanyike. Katika shimo la bomba mambo yalionekana kinyume. Mchanga ulikuwa mnene kama kiganja kilichosimama, na chini yake palikuwa na udongo mweusi.

Mchanga mnene namna hiyo huwa na maana moja: msingi haukusawazishwa, na mabonde yake yakafichwa kwa mchanga. Siku ya makabidhiano hauonekani. Mvua ikinyesha, maji hupenya kati ya vitofali, huchukua mchanga punje kwa punje na kutoka nao kwenye nyufa za ukingo, hadi panapobaki uwazi. Kitofali hukaa juu ya uwazi huo kama kifuniko, kikimngoja wa kwanza kukikanyaga.

Swali linalofuata ni maji hayo yalitoka wapi. Mvua iliyoanguka juu ya njia yenyewe ni kidogo. Barabara ya kata imeinuka katikati na kuinama pande zote mbili, kama inavyopaswa, na nusu yake moja humwaga maji upande wa njia ya baiskeli. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huweza kuishusha kwa siku moja, humwaga lita 50 juu ya kila mita moja ya mraba. Nusu ya barabara yenye upana wa mita 3.5, kwa urefu wa mita 100 tu, hukusanya lita 17,500. Hayo ni karibu maboza mawili ya lita 10,000, yakielekea njia yenye upana wa mita mbili. Kati ya barabara na njia mtaro haukuchimbwa. Na upande wa pili wa njia ukingo umeinuliwa moja kwa moja bila matundu, kutoka zahanati hadi sokoni. Kwa hiyo maji huingia na hayana pa kutokea. Mjenzi alidhamiria njia, akapata karai.

Mteremko nao una walakini. Uso wa njia hupaswa kuinama upande mmoja kwa kama sentimita 2 kila mita, basi katika upana wa mita mbili upande mmoja uwe chini ya mwingine kwa sentimita 4. Fundi yeyote wa kata anaweza kulihakiki hili kwa ubao ulionyooka wa mita moja na pimamaji. Ubao ulazwe kukata njia, ncha ya upande wa chini iinuliwe mpaka povu lisimame katikati, kisha upimwe uwazi uliobaki chini ya ncha hiyo. Ukikuta sentimita 2, mjenzi alijua alichokifanya. Ukikuta sifuri, maji yatalala hapo. Ukikuta kwamba ncha inayopaswa kuinuliwa ni ya upande wa ukingo usio na matundu, basi kiini cha bwawa la soko kimejulikana bila kuita mtaalamu kutoka mbali.

Karibu na shule mtaro upo, lakini mifuniko yake ya chuma imelazwa ikiwa na mianya inayofuata mwelekeo wa safari, na gurudumu jembamba la baiskeli huingia humo bila shida. Mifuniko hiyo inatakiwa kugeuzwa ili mianya ikate njia. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na ajabu ni kwamba haijafanyika mpaka leo.

Mji wa Dar es Salaam umeyaona haya kwa kipimo kikubwa. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imejengwa upya pamoja na njia za miguu na za baiskeli, na mwaka 2018 jiji lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa kazi hiyo. Lakini penye bonde la Msimbazi, pale Jangwani, mvua kubwa zimeifunga barabara hiyo mara kwa mara, kwa sababu bonde ni njia ya mto na mto hausomi michoro. Ufumbuzi uliokubaliwa hatimaye ni kujenga daraja na kuliendeleza bonde lote, kazi ya gharama kubwa mno kuliko kipande chochote cha lami. Kata hii haina Msimbazi. Ina mfereji mdogo unaotoka mlimani nyuma ya zahanati, na karavati lililowekwa chini ya njia ni jembamba kuliko lile la barabara linalolimwagia maji. Bomba dogo likiwekwa mbele ya kubwa, maji hupanda juu. Baada ya hapo hushuka kwenye viwanja vya nyumba zilizo upande wa chini, na kaya zilizoko huko zina haki ya kuuliza ni nani aliyezielekezea mafuriko uani.

Sehemu ya lawama ni ya wakazi, nayo haifai kufichwa kwa kuwa mkutano ni wao. Mitaro michache iliyopo imejaa mifuko, maganda ya nazi na mabaki ya soko. Nyumba kadhaa zimetoa mabomba ya maji ya kufulia yakamwagikia njia mwaka mzima, kwa hiyo hata kiangazi udongo wa hapo haukauki. Wenyeviti wa mitaa wanazijua nyumba hizo. Pamoja na hayo, mtaro ukisafishwa leo, ukingo hautatoboka wenyewe wala msingi hautajishindilia.

Kwa hiyo jambo la haraka ni muda. Mradi bado uko ndani ya kipindi cha matazamio cha miezi 12, ambamo mkandarasi hulazimika kurekebisha kasoro kwa gharama zake mwenyewe, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa mpaka afanye hivyo. Kipindi hicho kitakwisha katikati ya kiangazi. Baada ya masika yaliyopita mkandarasi alikuja, akainua vitofali vya mbele ya zahanati, akaongeza mchanga na kuvirudisha. Msingi haukuguswa na matundu hayakutobolewa. Wakaguzi watakapokuja kwa mara ya mwisho watakuta njia kavu, tambarare, iliyofagiwa, na hakuna kitakachowazuia kutia saini. Masika yatakapofika wiki chache baadaye, kila kitofali kitakachozama kitakuwa mzigo wa bajeti ya kata, ile ile inayongojewa na choo cha shule na paa la zahanati.

Pendekezo linalowekwa mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata ni kwamba ukaguzi wa mwisho ufanyike kwa maji. Likodiwe boza, limwagwe barabarani juu kidogo ya zahanati, kituo cha daladala na kona ya soko, mbele ya mhandisi, mkandarasi na wakazi. Saa moja baadaye ipimwe kina cha maji yaliyobaki juu ya njia, picha zipigwe, na vipimo viandikwe katika kumbukumbu za ukaguzi. Vitofali vifunuliwe mahali patatu, unene wa mchanga upimwe kwa rula. Barua ya maombi hayo imekwisha kuandikwa na iko ofisini kwa Mtendaji wa Kata. Inahitaji saini za wenyeviti wa mitaa yote inayopitiwa na njia, na ni lazima imfikie mwenye mradi kabla tarehe ya ukaguzi haijapangwa. Mafundi wawili wa kata wamejitolea kuja na ubao na pimamaji. Wazazi wa mwanafunzi aliyeumia wameombwa wawepo, nao wamekubali.