Miti, Maji na Haki ya Jirani



Tume ya Haki na Amani imetuomba tuzungumze juu ya miti na maji. Huenda mmoja wenu anajiuliza, mambo hayo yahusiana nini na haki? Yahusiana sana. Katika vilima vyetu hivi, toka Kabanga hata Kibondo, yako magomvi yaanziayo kisimani na msituni: nani kakata, nani kapanda mikaratusi juu ya chemchemi ya jirani, nani kalima hadi ukingoni mwa kijito. Hatuwezi kuwapatanisha watu kwa haki ikiwa hatulijui jambo lenyewe lilivyo.

Tuanze basi na mti. Mti hauna moyo wa kusukuma maji kama moyo wetu usukumavyo damu. Maji hupandaje hadi kileleni mwa mninga? Mwaka 1894 wanasayansi wawili wa Dublin, Henry Dixon na John Joly, walitoa jibu ambalo hadi leo ndilo lifundishwalo vyuoni. Jani lina matundu madogo mno, yasiyoonekana kwa macho. Jua likiwaka, maji hutoka kwa matundu hayo yakiwa mvuke, na yanapotoka huyavuta yaliyo nyuma yake, kwa kuwa maji yana tabia ya kushikamana. Kwa hiyo ndani ya mirija ya mti mna kamba ya maji, toka mizizini hadi majanini, nayo huvutwa kutoka juu. Nguvu ni ya jua. Kazi ya mti ni kufungua mlango na kuufunga.

Kamba hiyo yaweza kukatika. Ukame ukizidi, povu la hewa huingia katika mrija, na mrija ule huacha kupitisha maji. Mwaka 1966 watafiti walitega chombo cha kusikilizia kwenye mbarika unaonyauka, mmea ambao ninyi nyote mnaujua, wakasikia milio midogo midogo ya kamba zile zikikatika. Mirija mingi ikiharibika hivyo, mti hufa kwa kiu.

Wapo wasomi ambao, wakiisha kupata shahada ya uzamivu, huendelea miaka kadhaa na utafiti wa jambo hili moja: ni maji kiasi gani yapitayo shinani, saa ngapi, na yametoka kina gani cha udongo. Huchoma sindano katika shina, huipasha moto kidogo, kisha hupima jinsi maji yachukuavyo joto lile. Msidhani hiyo ni anasa ya watu wa vyuoni. Majibu yao yanatuhusu sisi wa nchi ya miyombo kuliko wengi.

Angalieni msitu wetu mwezi wa Septemba. Mvua ya mwisho imekwisha sahaulika, majani ya chini yamekauka, vumbi tupu. Hata hivyo, kabla ya tone la kwanza kuanguka, miyombo huvaa majani mapya, mekundu kama shaba. Yametoka wapi maji hayo? Yametoka katika udongo wa chini sana, ifikapo mizizi mirefu, na katika akiba iliyowekwa ndani ya shina. Huko Mpika, Zambia, watafiti walipima maji yatokayo katika msitu wa namna hii wakati wa kiangazi, na taarifa yao ya mwaka 2023 ikaonyesha kwamba makadirio mengi ya setilaiti yalikuwa pungufu. Msitu ulioonekana umelala ulikuwa kazini.

Na mizizi ina mambo yake. Usiku, jani likiisha kufunga mlango, mizizi ya miti kadhaa hupandisha maji toka chini na kuyamwaga katika udongo mkavu wa juu, ambako hata mimea jirani huyanywa. Lakini huko Machakos, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya mgrevilea ulionyesha pia kinyume chake: mvua ikiisha kulowesha udongo wa juu, mizizi ile iliyapeleka maji chini, kwenye udongo mkavu, mbali na mizizi mifupi ya mahindi. Mkulima aliyepanda mgrevilea mpakani na kuona mahindi ya jirani yamedumaa asikasirike akiambiwa habari hii.

Hapa twapaswa kusema kweli, hata kama haitufurahishi. Husemwa kila mahali kwamba ukipanda mti umeleta maji. Mti hunywa kwanza. Kule Mbeya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, yalilinganishwa mabonde mawili, moja la msitu na jingine la mashamba. Bonde la mashamba lilitoa maji mengi zaidi mtoni, hata wakati wa kiangazi. Sababu ni kwamba udongo wa majivu ya volkano wa pale hunywa mvua vizuri hata ukilimwa. Si kila udongo uko hivyo. Mahali ambapo ardhi iliyo wazi hugandamana na kuwa ngumu, mvua hupita juu na kuondoka na rutuba. Mwaka 2016 utafiti wa Burkina Faso, nchi ya kiangazi kirefu, ulionyesha kwamba maji mengi zaidi hushuka ardhini penye miti ya kiasi: si jangwa, wala si msitu uliosongamana. Miti ya kiasi hulainisha udongo bila kunywa yote.

Sasa turudi nyumbani. Tangu mwaka 1993 Warundi walipokimbilia wilaya hizi, na tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, imekuwa rahisi kusema kwamba mkimbizi ndiye aliyemaliza msitu. Ni kweli watu wengi waliowekwa mahali pamoja wanahitaji kuni nyingi. Nani atapika bila moto? Lakini mkaa uliosombwa kwa malori kwenda mijini haukubebwa na mkimbizi kichwani. Na kuni zimewagharimu wanawake wa pande zote mbili, maana wako waliopigwa na kubakwa wakizitafuta. Anayetaka kuhukumu aihesabu miti yote, pamoja na ile aliyoikata mwenyewe kupata shamba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 toka kwenye chanzo cha maji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kuwa na msitu wake wenyewe. Haya ni mambo ya kudai kwenye mkutano wa kijiji, si ya kunong'onezana baada ya Misa. Mikaratusi inafaa kwa kuni na nguzo. Ipandwe mbali na chemchemi, kwa kuwa hunywa sana. Na yule anayelazimika kukata myombo asing'oe kisiki wala kukichoma: mizizi yake i hai bado, nayo itachipua bila kusubiri kitalu cha mtu yeyote.

Tunaomba, kabla ya mvua za Novemba, kila Jumuiya iandike chemchemi inayotumia: inatoa maji miezi mingapi, juu yake pameota nini, na nani analima ndani ya mita 60. Akina mama ndio waulizwe kwanza, kwa maana wao ndio huamka saa kumi alfajiri kwenda huko. Orodha hizo tutazipeleka pamoja mbele ya serikali za vijiji.