Tumaini la Mkristu Wakati wa Dhuluma na Mateso

Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristu na waalimu katika Jubilei ya Jimbo la Morogoro



Tumeombwa tuseme neno juu ya tumaini. Neno hili ni jepesi kutamkwa siku ya sikukuu, ngoma zinapolia na watoto wamevaa nguo nyeupe. Lakini tumaini halipimwi siku ya sikukuu. Hupimwa siku ile mtu anapodhulumiwa bila kosa, au anapomzika mtoto wake, akauliza: Mungu yuko wapi? Basi twataka kusema habari za siku hiyo.

Kwanza tuungame kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda msibani katika kijiji kimoja cha milimani. Binti wa mama mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku, wakati wa masika. Vijana wakamchukua kwa machela ili wamteremshe hospitali, wakaukuta mto umefurika, wakangoja ukingoni hata alfajiri. Akafa pale pale, na mtoto wake pamoja naye. Yule mama akatuuliza, "Waalimu, binti wa mjini huchukuliwa kwa gari, na wangu amekufa kwa kukosa daraja. Je, Mungu ametuhesabu sisi kuwa nini?" Nasi tukafanya haraka kujibu, "Ni mapenzi ya Mungu, mama, vumilia." Hakusema neno. Akajifunika uso kwa kanga yake, na tangu siku ile hatukumwona kanisani muda wa mwaka mzima. Twalisema jambo hili kwa kuwa twajua ya kwamba wengi wenu mmekwisha kujibu kama sisi, na wengine wenu mmekwisha kujibiwa hivyo.

Sasa tulitazame jina la sikukuu yetu. Jimbo letu liliundwa tarehe 25 Machi 1953, nasi twalifanyia jubilei kwa furaha. Lakini jubilei ni jina la zamani sana. Katika sheria ya Musa, ilipokwisha miaka 49, mwaka wa 50 ulitakaswa. Baragumu ilipigwa katika nchi yote, watumwa wakaachiliwa, mtu aliyeuza shamba kwa ajili ya umaskini akarudishiwa, kila mmoja akarudi kwa jamaa yake na kwa urithi wake. Basi jubilei kwa asili yake si karamu tu, bali ni siku ya kuyanyosha yaliyopotoka. Mungu aliiona dhuluma ya dunia, wala hakuiita mapenzi yake. Alitoa amri iondolewe.

Tena watazameni waliotutangulia. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misioni Bagamoyo mwaka 1868. Watu wa kwanza kukaa pamoja nao walikuwa watumwa waliokombolewa, na wengi wao walikuwa watoto. Walikuwa wamenyakuliwa huko bara, wakatembezwa njia ndefu ya misafara hata pwani. Wengine walikombolewa kwa fedha sokoni Unguja, wengine walitolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini. Mwaka 1872 kimbunga kikaja kikayaangusha majumba ya misioni, ikawa kuanza tena. Watoto wale walipokua wakaoana, na baadhi ya jamaa hizo wakaenda bara pamoja na Mapadre kuanzisha vijiji vya Kikristu: Mhonda mwaka 1877, kisha Mandera, na hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mwaka 1882.

Hatutaki kuipamba habari hii. Amri za misioni zilikuwa kali, kazi ilikuwa nyingi, na vijana wale hawakuulizwa sana wapendalo, wako waliotoroka. Wala jubilei yao haikutimia yote kama ilivyoandikwa. Waliachiliwa utumwani, lakini walio wengi hawakurudi kwa jamaa zao. Njia ilikuwa mbali na yenye hatari, na aliyechukuliwa akiwa mdogo angeikumbukaje? Ninyi watu wa Uluguru mwaujua uzito wa jambo hili kuliko wengine. Kwenu mtu ni wa ukoo wa mama yake. Kwa ukoo huo hupata shamba, hupata jina, hupata watu wa kumzika. Mtu asiye na ukoo amesimama wapi? Na watu wa namna hiyo, wasio na ukoo katika nchi hii, ndio waliokuwa miongoni mwa Wakristu wa kwanza wa Morogoro.

Hatuwezi kuingia mioyoni mwao, lakini twayajua waliyoyatenda. Walilima, walijenga, walizaa watoto wakawaleta wabatizwe, walizikana. Hapana mtu aliyewaeleza sababu ya kunyakuliwa kwao. Hapana aliyewarudishia mama zao. Hata hivyo walipanda miti ambayo kivuli chake kingewafaa watoto wa watu wengine.

Hapo twajifunza tumaini ni nini. Tumaini si kuijua sababu ya mateso. Wala si kujidanganya kwamba hasara si hasara. Tumaini ni kusadiki ya kwamba Mungu hajaimaliza kazi yake, na kuitenda kazi ya leo kama mtu anayesadiki hivyo.

Nasi twasadiki hivyo kwa ajili ya Bwana wetu mwenyewe. Alihukumiwa bila kosa. Hakimu alijua kwamba hana kosa, akanawa mikono mbele ya watu. Msalabani hakusema kwamba maumivu si kitu. Alilia kwa sauti kuu akimwuliza Baba yake kwa nini amemwacha. Siku ya tatu alifufuka, na alipowatokea wanafunzi wake alama za misumari zilikuwamo bado mikononi mwake. Baba hakuyafuta majeraha ya Mwanawe kana kwamba hayakuwako, ameyashinda. Ndiyo maana mtu mwenye majeraha aweza kumkaribia Kristu bila kuyaficha.

Kutokana na hayo twawapeni mashauri matatu, hasa ninyi waalimu, ambao watu huwajia kwanza na maswali yao.

Shauri la kwanza: msiseme kwamba anayeteswa ameteswa kwa sababu ya dhambi zake. Mwakumbuka tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu katika mji wetu. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, wengine kuchota, wengine kutazama tu, na ghafula moto ukalipuka. Waliokufa, papo hapo na siku zilizofuata, walipita 100. Kabla hata makaburi hayajafunikwa, ulimi wa watu ulikwisha kutoa hukumu: walikuwa wezi, wameyataka wenyewe. Ndugu zetu, mtu maskini akikimbilia dumu moja la mafuta, amefanya upumbavu wa hatari. Lakini nani kati yetu angependa upumbavu wake wa siku moja ulipwe kwa moto? Bwana wetu aliletewa hukumu ya namna hiyo hiyo. Akawakumbusha watu habari ya mnara wa Siloamu, ulioanguka ukawaua watu 18, akakana kwamba wale walikuwa wakosefu kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageuzia wasikilizaji neno lake, watubu wao wenyewe. Basi penye msiba kazi yetu ni kuomboleza na kujitazama, si kukata hukumu.

Shauri la pili: msimfunge kinywa anayedhulumiwa kwa kulitaja jina la Mungu. Wazee wa Matombo wanayo habari ya matuta. Tangu karibu mwaka 1950 serikali ya Kiingereza iliwashurutisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko, ili udongo usichukuliwe na mvua. Kuuhifadhi udongo ni jambo jema. Lakini kazi ilikuwa ya amri na nzito, na mahali pengi udongo mzuri wa juu, ambao si mwingi, ulifukiwa, ukatokea ule usiozaa. Watu walisema, hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 walikusanyika Matombo kwa hasira. Polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hayo amri ya matuta ikaachwa. Twajiuliza: ingalikuwaje kama watu wale wangalisikilizwa mapema? Uvumilivu ni fadhila, bali kunyamaza mbele ya dhuluma si fadhila siku zote. Ayubu alinung'unika mbele ya Mungu sura baada ya sura, nao rafiki zake wakamtetea Mungu kwa maneno matamu. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wale rafiki, akasema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Basi mtu akilia mbele yenu, mwacheni alie. Akimlalamikia Mungu, jueni ya kwamba angali anasema naye. Wala msiikate sala ile.

Shauri la tatu: msimwache peke yake. Na hapa twarudi kwa yule mama.

Sisi tulikuwa tumeshindwa. Lakini wanawake wa jumuiya yake hawakuwa na maneno mengi kama sisi. Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, walikwenda shambani kwake kwa zamu, wakalima, wakapanda mahindi na maharage, bila kumwuliza kwa nini haji kusali. Jumamosi hii huyu alimpelekea kuni, Jumamosi ile mwingine alikaa naye jikoni mpaka jioni. Nao wanaume wakakata magogo wakatandika daraja juu ya mto ule ule, kisha wakaandika barua kwa wakubwa wa wilaya kuomba daraja la kudumu, wakaandika tena. Siku moja tukaenda kwake, tukamwomba radhi kwa jibu letu. Akatuambia, "Waalimu, sikuwa nataka jibu. Nilitaka mtu akae." Jumapili iliyofuata alikuja Misani, akaketi nyuma karibu na mlango. Angali huketi pale.

Mpaka leo hatujui kwa nini binti yake alikufa na wa mwingine akapona. Hatutamwambia kwamba twajua. Twamwambia kwamba Kristu amefufuka, ya kwamba binti yake hakupotea mbele za Mungu, na ya kwamba daraja la magogo litatengenezwa tena kabla ya masika. Maneno hayo yote matatu ni tumaini moja. Asiyesadiki la kwanza atachoka upesi na la tatu. Na asiyelitenda la tatu, nani atamsadiki akilihubiri la kwanza?

Basi, Wakristu wapendwa, jubilei itakapokwisha na baragumu kunyamaza, kila parokia imtafute mtu wake aliyeketi nyuma karibu na mlango, au yule ambaye haji kabisa. Mwendeeni. Msimpelekee hotuba hii, chukueni jembe. Waliotutangulia hawakuwa na ukoo katika nchi hii, wakatuachia Kanisa. Sisi tulio na ukoo, tuwe ukoo wa wale waliobaki peke yao, hata siku ile Bwana atakapoipiga baragumu ya mwisho, na kila mtu arudi kwa jamaa yake kweli kweli.

Mama Maria, aliyesimama chini ya Msalaba bila kuelezwa lo lote, atuombee. Amina.