Mlima Haudanganywi

(Mada iliyotolewa na mjumbe wa kamati ya fedha katika mkutano wa wanachama waishio Dar es Salaam, kuhusu maandalizi ya kupanda Kilimanjaro kuchangia wodi ya wazazi)



Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya safari yetu ya mlimani mwezi Septemba. Mimi ni mhasibu, si mwongozaji wa wapanda mlima. Nadhani nimepewa kazi hii kwa sababu mwaka jana nilikuwa miongoni mwa waliopanda, na ndimi niliyerudishwa njiani nikiwa nimeshikwa mkono huku na huku. Basi nitasema niliyojifunza, na yale ambayo waongozaji wetu wamenifundisha baadaye.

Sisi tumekua tukiuona mlima huu. Ukitoka jikoni asubuhi, Kibo ile pale. Kuuona kila siku kunatufanya tudhani tunaujua. Lakini wengi tuliomo humu hatujawahi kuvuka lango la Marangu, na mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka 20, kwenye usawa wa bahari, hana mapafu ya pekee eti kwa sababu kihamba cha baba yake kiko mlimani.

Tutapita njia ya Marangu, ambako wageni hulala kwenye vibanda. Lango liko karibu mita 1,870. Siku ya kwanza tunalala Mandara, mita 2,720. Siku ya pili Horombo, mita 3,720, na hapo tutakaa usiku wa ziada ili mwili uzoee. Kisha Kibo, zaidi ya mita 4,700. Karibu na saa sita usiku tunaanza kupanda kokoto kuelekea Gilman, na mwenye nguvu anaendelea hadi Uhuru, mita 5,895. Kule juu, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Kariakoo.

Sasa niwaeleze yaliyonipata. Mnakumbuka tulichangisha kwa ahadi za kufika kileleni. Wafanyakazi wenzangu, wakwe zangu, hata mama anayeniuzia mboga, wote waliahidi kutoa nikifika Uhuru. Tulipotoka Horombo kichwa kilianza kuniuma. Mwongozaji aliuliza kila tulipopumzika: "Mama, kichwa vipi?" Nikamjibu, "Salama tu." Chakula cha jioni nilikimwaga nyuma ya kibanda, nikasema nimeshiba.

Tulipoanza kupanda usiku, sikufika mbali. Nilitapika, miguu ikawa inakwenda upande kama ya mlevi. Mwongozaji, kijana wa kwetu kabisa, akanimulika usoni, akaniambia, "Mama, nakuambia kama mwanao, hapa tunarudi." Nilimbishia. Nilimtajia ahadi na wodi ya wazazi. Akasikiliza mpaka nikamaliza, akanigeuza. Mwongozaji msaidizi na mpagazi mmoja walinishusha usiku ule ule. Tulipofika Horombo kulikuwa kumepambazuka, na kichwa kilikuwa kimeanza kutulia. Dawa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka.

Jambo linaloniuma hadi leo ni jingine. Msaidizi aliyenishusha ndiye aliyepangiwa wenzetu wawili waliokuwa nyuma. Alipoondoka, nao ilibidi wageuze. Walikuwa wazima. Nilifanya kile ninachowakataza wateja wangu kila siku: nilificha deni, na deni likalipwa na watu wasiohusika.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba tujiandae hivi.

Kwanza, kila mmoja amwone daktari kabla ya kulipa chochote. Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au tatizo la moyo amweleze waziwazi anakokwenda. Mwenye selimundu asipande, na mwenye vinasaba vyake asiondoke bila ushauri. Wapo wanaotumia vidonge vya asetazolamaidi kusaidia mwili kuzoea mwinuko. Hivyo navyo ni vya daktari, msipeane kama pipi.

Pili, miguu. Tuna wiki 12. Anayefanya kazi ghorofani aache lifti. Mimi nimeanza na ngazi za ofisini, mara mbili kwa siku, kupanda na kushuka, maana magoti huumia zaidi wakati wa kushuka. Jumamosi tutakutana Pugu kutembea saa nne hadi tano tukiwa na begi mgongoni. Mwezi Agosti tutakwenda Morogoro tupande Uluguru siku mbili mfululizo, ili mtu ajue mwili wake unasemaje siku ya pili.

Tatu, nguo. Msinunue kila kitu kipya. Soko la Memorial pale Moshi lina makoti mazuri ya mitumba, na begi la kulalia linaweza kukodiwa. Ila viatu viwe vyako, uvivae kuanzia leo. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki na inakuletea baridi, kwa hiyo tafuteni za kitambaa cha michezo. Juu yake sweta zito, na juu kabisa koti la kuzuia mvua na upepo. Taa ya kichwani iwe na betri mpya. Usiku wa kilele chupa ya maji igeuzwe kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu na mdomo wa chupa utabaki wazi.

Nne, mwenendo. Tutembee polepole hata pale ambapo njia ni tambarare na unajisikia kukimbia. Maji lita tatu au nne kwa siku. Chakula kila, hata bila hamu. Pombe tuiache chini. Mbege itatusubiri Marangu. Kichwa kikiuma, sema. Mwenzako akipepesuka, akiongea maneno yasiyoeleweka, au akihema sana akiwa amekaa, mwite mwongozaji papo hapo, hata kama mwenyewe anakataa. Neno la mwongozaji likiwa ni kurudi, hakuna mjadala. Mimi nilijadili, mnajua matokeo.

Sasa niingie kwenye eneo langu, fedha. Kamati yetu imefunga hesabu za mwaka jana, na nitazisema bila kupamba: zaidi ya nusu ya tulichokusanya kililipia safari yenyewe. Viingilio vya hifadhi, waongozaji, wapagazi, chakula, usafiri. Kuta za wodi zimesimama, lakini bado hazina paa, na akina mama wetu wanaendelea kujifungulia kwenye chumba kimoja ambamo kitanda kinatenganishwa na kitanda kwa pazia.

Napendekeza mambo mawili, na naomba mkutano uyaamue leo. La kwanza, kila anayepanda ajilipie gharama zake zote, kwa awamu kuanzia mwezi huu. Shilingi ya mchangiaji iende kwenye bati na mbao moja kwa moja. La pili, ahadi zisifungwe na kilele. Mchangiaji aahidi kwa safari, si kwa mita. Tukiendelea kumlipa mtu akifika Uhuru, tunamlipa afiche maumivu yake.

Na tusiwasahau wapagazi. Hao ni wadogo zetu na watoto wa majirani zetu. Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Tuchague kampuni inayopima mizigo kwenye mizani, inayowalisha vizuri na kuwalipa kwa wakati, hata kama bei yake iko juu kidogo. Itakuwa aibu tujenge wodi ya Marangu kwa kuwapunja vijana wa Marangu.

Septemba nitapanda tena. Nikifika Gilman nitashukuru, nikiishia Horombo nitashukuru. Wenzangu wawili wale nao wamejiandikisha, na wamekubali nitembee nao. Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina. Kabla hamjaondoka, jazeni ahadi yenu, na stakabadhi msiache kuidai.

Mungu akipenda tukutane langoni.