Chuo Kikuu Huria kimefika Musoma; Manyamanyama je?

(Haya ni maelezo yaliyosomwa redioni katika kipindi chetu cha wiki hii.)

Wiki hii nataka tuzungumzie elimu ya juu ya mtu asiyeweza kuacha kazi, watoto na shamba akaenda kukaa bwenini miaka mitatu. Nawafikiria watu wa aina hiyo walioko Manyamanyama, pale mjini Bunda: muuguzi wa zamu ya usiku, mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti, karani wa halmashauri, mama mwenye duka la dawa. Hawa wote wana akili ya kusoma digrii. Wanachokosa ni nafasi ya kuondoka.

Kwa ajili yao, Bunge letu lilipitisha Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 iliyounda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo kikaanza kazi mwaka 1993 na kuzinduliwa Januari 1994, Makamu Mkuu wake wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Kilianza bila mabweni na bila kumtaka mwanafunzi ahamie Dar es Salaam. Badala yake kilifungua vituo mikoani, na cha mkoa wa Mara kiko Musoma. Mwanafunzi husoma nyumbani, huenda kituoni kukutana na walimu na kufanya mitihani, kisha hurudi kazini kwake. Mwenye nafasi humaliza mapema. Mwenye mzigo humaliza pole pole.

Jambo hili si geni duniani. Waingereza walianzisha chuo chao kikuu huria mwaka 1969, kikaanza kufundisha mwaka 1971 kwa msaada mkubwa wa redio na televisheni. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia: Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Mzee Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kwa chuo hicho mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Jirani zetu wa Kenya walikipa hati Chuo Kikuu Huria chao mwaka 2023, yaani karibu miaka thelathini baada ya sisi kuanza. Katika hili Tanzania haikuwa mkiani.

Lakini sisi watu wa Mara tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Azimio hilo lilitaka kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Swali likaja: walimu watoke wapi? Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa vijijini, wakafundisha watoto huku wao wenyewe wakisoma ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowazungukia. Mpango huo uliandikisha zaidi ya watu 40,000. Nchi ilikuwa imeingia katika elimu ya masafa hata kabla ya wengi wetu kulijua jina hilo.

Mnakumbuka walivyotaniwa. UPE, watu walisema, ni Ualimu Pasipo Elimu. Utani ule ulikuwa na chembe ya ukweli, kwa kuwa kazi ilifanyika kwa haraka na vitabu vilikuwa haba. Hata hivyo mimi niliyefundishwa kuandika jina langu na mwalimu wa aina hiyo siwezi kuucheka. Bila yeye nisingekuwa mbele ya kipaza sauti hiki.

Kejeli hiyo haijafa, imebadili nguo tu. Leo husemwa juu ya aliyesoma Chuo Kikuu Huria kwamba digrii yake ni ya kujisomea, kana kwamba kujisomea ni aibu. Mimi nina diploma ya uandishi wa habari, nimepita miaka arobaini, na nimewaona wenzangu wa kazini wakijiandikisha. Wanatoka studio usiku, wanafungua vitabu. Mtu anayesoma kwa namna hiyo hana mwenzake wa kumwazima daftari, wala kengele ya kumwamsha. Akifaulu, amefaulu mara mbili.

Wapo pia wasiofaulu, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wengi hawashindwi mtihani, wanaacha njiani. Tatizo la mtu wa Manyamanyama si kilomita za kwenda Musoma peke yake, ingawa nauli na siku ya kazi iliyopotea ni gharama. Tatizo ni pa kukaa na kusoma. Nyumba ina vyumba viwili na watoto watano. Umeme ukikatika, jioni imepotea. Simu ya mkononi imeleta vitabu hadi kiganjani, lakini bando lina bei yake, na kusoma sura nzima kwenye kioo kidogo ni kazi ya macho. Masomo ni kwa Kiingereza, na aliyefunga vitabu miaka kumi na mitano iliyopita anahitaji kwanza kukizoea upya. Kwa akina mama ni zaidi: siku yao inaisha wakati wengine wameshalala.

Tukisema mlango uko wazi, basi tumesema nusu. Nusu ya pili haihitaji mabilioni. Wanafunzi walioko Bunda wakijuana, wakakutana hata mara moja kwa wiki, upweke umepungua nusu. Halmashauri inaweza kuwaachia darasa moja la shule lenye taa, saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Mwajiri anaweza kupanga zamu ili muuguzi wake asitoke wodini asubuhi na kuingia kwenye mtihani mchana huo huo. Mume anaweza kupika. Na sisi wa redio tusisahau kwamba chombo hiki kiliwahi kuwa darasa. Hakijapoteza sauti yake.

Tusirudie pia kosa la haraka. Idadi ya walioandikishwa inapendeza kwenye taarifa, lakini kipimo cha haki ni waliomaliza, na wakimaliza wanajua nini. Muuguzi yule atakaposhika digrii yake baada ya miaka sita, mgonjwa wa Bunda hatauliza aliisoma kwenye bweni gani. Atataka kuona amehudumiwa vizuri zaidi kuliko jana.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.