Utulivu wa Nafsi kwa Mke Aliye Kwenye Ndoa Ngumu



Mke mwenye ndoa ngumu hapa kwetu ana pa kwenda. Kuna mshenga, wazee wa pande mbili, somo yake, padri au shehe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ukiacha sababu chache maalumu, inataka mgogoro ufike kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya talaka kuombwa mahakamani. Wote hao husikiliza shauri. Lakini usiku wa mke huyo anaushughulikia nani? Amelala Mbezi Luis, mabasi yanaingia Kituo cha Magufuli, naye anarudiarudia moyoni neno aliloambiwa na mumewe. Kunakucha hajapata usingizi. Kichwa kinamgonga, genge anachelewa kulifungua, mtoto anafokewa bila kosa. Ukimuuliza, atakujibu: "Nina mawazo."

Hapo ndipo penye kazi ya tiba ya utulivu makini (mindfulness). Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliifungulia darasa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Baadaye wanasaikolojia Segal, Williams na Teasdale waliiunganisha na tiba ya fikra ili sonona isirudi. Chimbuko lake ni tafakuri ya Kibuddha, ila darasani hakuna ibada. Mwislamu na Mkristo hubaki na dini yake. Mtu hukaa, akafuata pumzi ikiingia na kutoka. Wazo la "mimi sifai" likija, hulitambua kuwa ni wazo tu, halifukuzi wala halifuati, akairudia pumzi. Akizoea, hupata mwanya kati ya neno lililomchoma na jibu atakalotoa.

Jirani zetu wa Nairobi wametuonyesha kwamba msaada wa aina hii hauhitaji daktari bingwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wanawake 421 wenye msongo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Wahudumu wa afya wa jamii waliwapa vikao 5: kupumua taratibu, kutatua matatizo, kurudia shughuli walizoziacha, kutafuta watu wa kuwashika mkono. Haikuwa tiba hii kamili, lakini msongo ulipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.

Sasa hofu yangu. Tangu siku ya kitchen party binti huambiwa avumilie. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 ulikuta asilimia 41 ya wanawake wa Dar es Salaam waliowahi kuwa na mwenzi wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi huyo. Kumfundisha mwanamke avute pumzi ili apigwe kwa utulivu ni dhuluma nyingine. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Swali la kwanza la mshauri liwe: je, nyumbani uko salama? Kama hayuko salama, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi litangulie. Na aliyeumizwa asilazimishwe kufumba macho anapofuata pumzi. Wengine wakifumba, ndipo yote waliyotendewa yanapowarudia.

Naiomba Manispaa ya Ubungo ianze kutoa tiba hii kupitia wahudumu wa afya wa jamii, katika vikundi vya VICOBA ambako kina mama tayari wanakutana na kuaminiana. Nanyi wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi, kabla hamjauliza nani alianza ugomvi, muulizeni mama huyu kama analala.